Kampuni yasema rekodi za mshahara za babangu zilichomwa. Nianzie wapi?

BintiMikindani

Hamjambo wenzangu. Naomba msaada wa mwenye kujua mambo ya ofisi, maana hapa nyumbani sote tumekwama.

Babangu alikuwa akifanya kazi kwenye godauni la chai kule Shimanzi. Aliingia 2004 kama kibarua wa kupakia, 2006 akaandikwa kazi ya kudumu, akatoka Februari 2019 kampuni ilipofunga godauni lile na kuhamishia shughuli zake Changamwe. Sasa ana miaka sitini na moja, amekwenda kuitisha pesa zake za NSSF, ule mfuko wa akiba ya uzeeni, akapewa stetimenti. Tukaipitia mstari kwa mstari. Kuanzia 2006 pesa zaingia vizuri. Kufika Julai 2009 zakatika. Zarudi Januari 2013 kana kwamba hakuna lililotokea. Hapo katikati ni miezi 42 mitupu.

Baba aapa kwamba alikatwa kila mwezi. Nami namwamini, kwa sababu kwenye ule mfuko wake wa nailoni wa vyeti tumepata slipu nne za kipindi hicho. Mbili ni za 2010, moja ya 2011, na moja imeliwa na mende hata mwaka hausomeki. Zote zina "NSSF 200". Mia mbili zake na mia mbili za kampuni, mara 42, ni shilingi 16,800 kabla ya riba. Najua kuna watakaosema pesa gani hizo za kusumbukia. Kwa mzee anayeuza madafu kando ya barabara ni pesa, tena ni zake.

Nalikwenda naye mpaka ofisi yao mpya. Soja wa geti akatuweka juani hadi alipochoka yeye mwenyewe kututazama. Tulipoingia, dada wa mapokezi akampigia mtu wa HR simu, akatuletea jibu: rekodi za kabla ya 2015 zilichomwa, sheria yataka miaka mitano tu. Lakini tukileta slipu zote, watatusaidia. Sasa kama slipu zote tungekuwa nazo, kwake tungekwenda kufanya nini?

Naomba kujua: hilo la miaka mitano ni kweli? Na kama zilichomwa kweli, kuna pahali pengine pa kupata ushahidi? Na je, naweza kufuatilia mimi badala yake? Magoti ya baba hayapatani na ngazi za maofisi.

MlikoniDamu

Dada usibembeleze watu hao. Nenda leba, weka kesi. Mahakama ya kazi iko hapa hapa Mombasa, si lazima uende Nairobi. Wakiona samansi hizo rekodi zitafufuka zenyewe. Mimi nimefanya kazi na wenye magodauni, nawajua.

KaraniMstaafu

Bi Mikindani, mpe mzee salamu zangu. Mimi nimekuwa karani wa mishahara kwenye makampuni ya Shimanzi na Kilindini kwa sehemu kubwa ya umri wangu. Nimeanza enzi za bahasha za kaki na karatasi za kaboni, nikamalizia kwenye kompyuta. Huenda hata mzee tumepishana kwa mama muuza chapati pale njia ya reli. Wacha nikueleze makaratasi haya yanavyoishi, halafu utajua wapi pa kuyatafuta.

Kwanza hili la kesi. Ndugu yetu wa Likoni ana uchungu wa haki, lakini mahakama si pa kuanzia. Madai yanayotokana na mkataba wa kazi yana muda wa miaka mitatu chini ya Sheria ya Ajira ya 2007. Mzee alitoka 2019. Wakili wa kampuni ataanza na hilo na huenda asihitaji la pili. Pesa za NSSF zina njia yake. Kampuni ikikata na isipeleke, anayeidai ni mfuko wenyewe, na NSSF ina wakaguzi wenye mamlaka ya kuingia kwa mwajiri na kuitisha vitabu. Kwa hiyo nyinyi kazi yenu ni kumtayarishia mkaguzi faili ambayo hataweza kuisukuma pembeni.

Miaka mitano. Hapo wamekwambia nusu. Kifungu cha 10 cha Sheria ya Ajira chamtaka mwajiri ahifadhi maelezo ya ajira ya mtu, yaani jina, kazi, tarehe ya kuanza, kiwango cha mshahara na kadhalika, kwa miaka mitano baada ya ajira kwisha. Hiyo miaka haihesabiwi tangu karatasi iandikwe. Mzee ametoka Februari 2019, basi walipaswa kuwa na maelezo yake hadi Februari 2024. Waulize zilichomwa lini, na nani aliyeidhinisha. Makampuni hayachomi makaratasi hivi hivi. Mara nyingi huwa kuna orodha na sahihi ya mtu. Na jibu lolote watakalokupa, lidai kwa maandishi. Kampuni ikikuandikia kwamba haina rekodi yoyote ya 2009 hadi 2012, maana yake ni kwamba haina pia karatasi ya kuonyesha ilipeleka pesa za mzee. Barua hiyo ni ya kuitia faili, si ya kulilia.

Sasa jambo kubwa: acha kuomba slipu.

Slipu huchapwa mara moja, ikakatwa kwa rula, ikatiwa kwenye bahasha, basi. Kampuni nyingi hazibaki na nakala. Inayobaki ni peroli, ile karatasi ndefu ya mwezi, majina yakishuka chini na makato yakienda kulia, mwisho jumla na sahihi ya meneja. Ukienda kaunta ukasema "naomba slipu za 2010", yule dada atasema hatuna, na wala hajasema uongo. Ukisema "naomba nukuu ya peroli ya Julai 2009 hadi Desemba 2012, mstari wa fulani, pamoja na ritani za NSSF za miezi hiyo", yaani orodha za michango ambazo kampuni hupeleka kwa mfuko, umemfanya mtu ainuke kitini akafungue kabati. Nimekaa upande ule wa kaunta, najua tofauti yake. Swali la jumla hujibiwa palepale. Swali lenye jina la karatasi na tarehe hupelekwa kwa mhasibu.

Na peroli haikai peke yake. Kila mwisho wa mwezi ilikuwa ikizaa karatasi nyingine: ritani ya NSSF, orodha ya NHIF ya bima ya hospitali, kodi ya KRA, na orodha ya benki au hundi ya kutoa pesa taslimu. Kila moja ilikwenda ofisi nyingine. Juu ya hapo, mkaguzi wa hesabu wa nje alikuja kila mwaka akabeba nakala zake. Kampuni ichome ghala zima, haiwezi kuchoma yaliyokwishatoka mlangoni mwake.

Halafu mna bahati ambayo naona hamjaiona. Enzi zile mchango wa NSSF ulikuwa asilimia tano, lakini usiozidi shilingi 200 kwa mfanyakazi na 200 kwa mwajiri, na ulikaa hivyo mpaka viwango vipya vilipoanza Februari 2023. Yeyote aliyepata zaidi ya 4,000 kwa mwezi alikatwa 200, awe mpakiaji au meneja. Kwa hiyo hamhitaji kuthibitisha mzee alilipwa ngapi mwezi wa Machi 2011. Mnahitaji kuthibitisha tu kwamba Machi 2011 alikuwa kazini. Huo ni mzigo mwepesi zaidi. Chochote chenye jina lake, jina la kampuni na tarehe ndani ya miaka ile chafaa: barua ya likizo, fomu ya hospitali aliyojaziwa na ofisi, kadi ya kuingilia bandarini, barua ya kuonywa hata. Na cheti cha utumishi. Kifungu cha 51 cha Sheria ya Ajira chamlazimu mwajiri kukitoa mtu anapoacha kazi, kikionyesha tarehe ya kuanza na ya kumaliza. Alipewa? Kama anacho, na kinasema 2006 hadi 2019 bila kukatika, kazi kubwa mmemaliza.

La mwisho, na nalisema mwisho makusudi. Kabla hamjamwita mtu mwizi, tazameni nambari. Pengo linaloanza katikati ya mwaka na kwisha Desemba, kwangu mimi lanuka mabadiliko ya karani au ya programu ya kompyuta. Shikeni kadi ya NSSF ya mzee, muilinganishe na nambari iliyochapwa kwenye zile slipu, tarakimu kwa tarakimu. Karani mgeni akikosea nambari mara moja kwenye kompyuta, kosa hujirudia kila mwezi mpaka mtu alione. Pesa hapo huwa zimelipwa lakini hazijui pa kwenda.

MamaNgazija

Naunga mkono ya Karani. Mimi nalikuwa hoteli moja ya Shanzu iliyofungwa, vyumba sasa vyalala popo. Hakuna ofisi wala mtu wa kumuuliza. Slipu zangu nalizipata kwenye Sacco! Nalikuwa nimechukua mkopo, na ukichukua mkopo wataka slipu za miezi mitatu, wakazitia kwenye faili langu. Zilikuwa humo humo, na muhuri juu.

Muulize mzee kama aliwahi kukopa popote. Benki, Sacco, duka la fanicha la kulipa pole pole. Na wewe mwenyewe, ulisoma kwa basari au HELB, ule mkopo wa serikali wa wanafunzi? Fomu zile zataka slipu ya mzazi. Mwanangu wa pili alipoomba basari tulipeleka slipu ya baba yake, na mwalimu akatubakishia fotokopi. Watu husahau kwamba karatasi ya kazi ya baba huenda iko ndani ya faili la mtoto.

KijanaWaCyber

Niko na cyber Majengo, mambo haya nafanyia wazee kila siku, kwa hivyo niongeze ya upande wangu.

Moja, fomu ya P9. Hiyo ni ile mwajiri hutoa baada ya mwaka kwisha ikionyesha mshahara na kodi ya mwaka mzima, miezi yote 12 kwa ukurasa mmoja. Tangu iTax, ule mtandao wa kodi wa KRA, uje, mzee akiwa alifaili ritani zake kila Juni, zile ritani bado zaonekana kwenye akaunti yake. Hazitafika 2009, hiyo nisikudanganye, lakini zitaonyesha PIN ya mwajiri na jina kamili la kampuni, na hilo mtalihitaji kwa barua. Wengi hujua jina la kibao tu. Kampuni iliyosajiliwa inaweza kuwa na jina lingine kabisa.

Mbili, kama kampuni ilibadilisha jina ilipohama, ingia eCitizen, mtandao wa huduma za serikali, uitishe CR12. Hiyo yakuonyesha wakurugenzi na anwani iliyosajiliwa. Barua ipeleke huko, isiishie kwa soja wa geti.

Tatu, na hii watu hawaijui: Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Taarifa za mshahara wako ni data yako. Una haki ya kuomba kuziona kwa yeyote anayezishikilia, mwajiri wa zamani akiwemo. Kanuni za 2021 zasema ajibu ndani ya siku saba, bila malipo. Asipojibu, wapeleka malalamiko kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data, na unaweza kufanya hivyo kwa mtandao. Sheria hii haifufui kilichochomwa. Ila "tumechoma" ya mapokezi na "tumechoma" ya kumwandikia Kamishna ni vitu viwili tofauti, na mtu wa HR anajua.

Na ndiyo, unaweza kumfuatilia. Mzee aandike barua kwamba amekuidhinisha, atie sahihi, uambatanishe kopi za vitambulisho vyenu wawili.

MlikoniDamu

Sawa mzee Karani, nimekubali, miaka mitatu sikuijua. Lakini samansi bado ingewatia baridi.

BintiMikindani

Mungu awalipe nyote. Nimesoma haya kwa sauti, baba akasikiliza mpaka mwisho, akasema huyu Karani asema kweli kuhusu mama wa chapati.

Cheti cha utumishi hakupewa. Alipewa barua ya kusimamishwa kazi tu, yenye tarehe ya kumaliza, ya kuanza haimo. Sacco hakuwahi kujiunga. Lakini la HELB limenishtua, kwa sababu nimeomba 2011, na nakumbuka nalimsumbua anitolee fotokopi. Nitakwenda Huduma Centre pale Posta ya Digo Road niulize kama fomu ya kale kama ile yaweza kutafutwa.

Sasa nambari. Tumekaa nazo chini ya taa, mimi, baba na kakangu. Slipu zote mbili za 2010, tarakimu mbili za mwisho zimegeuzwa. Kadi yasema 47, slipu zasema 74. Ile ya 2011 haikuandikwa nambari kabisa, pana kistari tu. Ile ya mende nambari imeliwa. Tumepata na slipu ya 2014, na hiyo ni sahihi, 47.

Baba amenyamaza muda mrefu, halafu akacheka mpaka akakohoa. Miaka yote hii amekuwa akimlaani meneja.

Karani, barua yenyewe niiandikeje? Kiswahili chafaa ama lazima Kiingereza?

KaraniMstaafu

Hapo sasa tuna kazi ya kufanya. Lakini msifunge shauri bado. Slipu mbili zenye 74 zaonyesha kilichotokea 2010. Kile kistari cha 2011 chaweza kuwa jambo jingine: huenda ritani za mwaka ule zilikwenda bila nambari, huenda hazikwenda kabisa. Ndiyo maana peroli na ritani bado mwazihitaji. Pesa zilizokwenda kwa nambari isiyo yake zarekebishwa kwa karatasi. Zisizokwenda zadaiwa kwa mwajiri. Ni njia mbili, na mkaguzi atataka kujua kila mwezi uko upande gani.

Lugha ni yoyote mnayoimudu, muhimu iwe fupi. Barua ndefu humpa mtu nafasi ya kujibu sehemu asiyoiogopa. Mimi ningeandika hivi:

"Kwa Meneja wa Rasilimali Watu. Mimi (jina kamili), kitambulisho nambari (…), nilikuwa mfanyakazi wa kudumu katika godauni lenu la Shimanzi kuanzia 2006 hadi Februari 2019, nambari ya kazi (…). Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, naomba nakala za (a) mstari wangu katika peroli ya kila mwezi kuanzia Julai 2009 hadi Desemba 2012. (b) ritani za NSSF za miezi hiyo, sehemu inayonihusu, pamoja na risiti za malipo. (c) maelezo ya ajira yangu yanayohifadhiwa chini ya kifungu cha 10 cha Sheria ya Ajira ya 2007. Naomba pia cheti changu cha utumishi chini ya kifungu cha 51, ambacho sijapewa. Nambari yangu sahihi ya NSSF ni (…). Slipu zenu za 2010 zinaonyesha nambari tofauti, nimeambatanisha nakala. Iwapo rekodi yoyote kati ya hizi haipo, naomba mnijulishe kwa maandishi ni ipi, iliharibiwa lini na kwa idhini ya nani. Nimemwidhinisha binti yangu (jina, kitambulisho) kufuatilia na kupokea majibu."

Ona hapo (b) nimesema sehemu inayomhusu. Ritani ina majina ya wenzake wote, na ukiomba karatasi nzima watajificha nyuma ya siri za watu wengine. Watafunika majina hayo wakitaka.

Chapa nakala mbili. Moja waibaki nayo, nyingine wakupigie muhuri wa kupokelewa, wenye tarehe na jina la aliyepokea. Wakikataa kupiga muhuri usigombane na dada wa mapokezi, yeye si mwenye kabati. Toka, nenda Posta, itume kwa rejista kwenye anwani ile ya CR12, weka risiti.

Hamhitaji kungoja jibu ndipo muende NSSF. Nendeni mapema, Social Security House pale Nkrumah Road, na kadi, stetimenti, zile slipu za 74 na ya 2014. Mwambieni afisa waziwazi: michango ya mwanachama 47 huenda iliandikwa kwa 74 na mwajiri huyu, kati ya miezi hii na hii. Wanaweza kutafuta kwa kupitia nambari ya mwajiri, kwa sababu ritani ziliingia chini ya jina la kampuni. Huyo mwenye 74 halisi naye yuko mahali, na jina lake si la mzee, kwa hiyo kosa litaonekana. Huenda mkaambiwa mwajiri aandike barua ya kusahihisha. Hilo kampuni italifanya kwa wepesi kuliko kukiri kwamba haikulipa, na ndiyo sababu nimeitaja nambari ndani ya barua yenu. Nimewaachia mlango wa kutokea bila aibu.

Hakikisheni dai la pengo limeandikwa kwenye faili kabla mzee hajatia sahihi ya malipo mengine yoyote, wala msitoke na maneno matupu.

MamaNgazija

Na baba asiache slipu za asili kwa mtu!

KaraniMstaafu

Kabisa. Asili waonyeshwe, walinganishe, mrudi nazo nyumbani. Mbaki na fotokopi za kutosha, wino wa slipu za zamani hupauka. Na ile iliyoliwa na mende msiibandike selotepu. Itieni ndani ya karatasi ya plastiki angavu vivyo hivyo ilivyo. Karani akiona selotepu atataka kujua mlikuwa mkiunga nini, na mtapoteza asubuhi nzima mkijieleza.